Malengelenge kwenye Boneti

Mtunza maabara wa shule ile alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, miwani yake imefungwa kamba isidondoke, na wanafunzi walimwita Mama Chupa. Jina halikumuudhi. Alikuwa ameingia shuleni hapo kwa ufagio, miaka ishirini na miwili iliyopita, akapewa kazi ya kudeki vyumba vitatu vya sayansi na kuosha chupa zilizotumika. Chupa zilikuwa na vibandiko, naye hakuwa mtu wa kuosha kitu bila kujua kilikuwa na nini. Akawa anauliza. Walimu walimjibu huku wakikimbilia vipindi vyao, yeye akaandika majibu kwenye daftari na kuyasoma jioni. Mtunza maabara wa zamani alipostaafu, mkuu wa shule hakuhangaika kutafuta mtu. Cheti Mama Chupa hakuwa nacho hata kimoja, lakini mwalimu mgeni akitaka kujua jiko lipi la gesi linavuja na mizani ipi inadanganya, aliambiwa aende kwake.

Gari lake lilikuwa dogo, la bluu. Alilinunua likiwa tayari na umri wa mtoto wa darasa la tano, na alilitunza kama vyombo vya kazini. Ndani yake kulikuwa na daftari jingine, na kila alipoliegesha kwa zaidi ya siku moja aliandika tarehe, kilomita, na mahali mshale wa mafuta ulipofikia. Mume wake, aliyestaafu kazi ya kupanga barua posta, hakuchoka kumtania.

"Bado kadi ya kliniki tu," alisema. "Umpeleke akapimwe uzito."

Siku gari lilipoumia, kosa lilikuwa la kunguru. Mama Chupa alikuwa anaingia getini asubuhi akamwona kunguru juu ya paa la maabara, mdomoni ana glovu ya mpira. Akataka kujua ameitoa wapi. Wakati bado anataka kujua, nguzo ya geti ikamfikia. Bampa lilipasuka, boneti ikakunjamana, na chuma kinachoshika rejeta ya maji ya kupozea injini kikaingia ndani kidogo. Yeye mwenyewe hakupata hata mchubuko. Kuhusu glovu, aligundua baadaye kuwa dirisha la stoo lilikuwa halifungi.

Alilipeleka gari kwenye gereji ya kunyoosha bodi na kupiga rangi, umbali wa dakika kumi kutoka nyumbani. Mwenye gereji aliitwa Nyundo, mwanamume mnene mwenye sauti ya kuuza vitu, na alipoliona gari alipiga boneti makofi mawili kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Siku tisa, mama. Ijumaa ya wiki ijayo unakuja kuchukua bibi harusi."

"Ijumaa ya kweli?"

"Mimi nina Ijumaa ya uongo?"

Ijumaa ile ilikuwa na maana. Shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu baba yake, alikuwa anafanyiwa upasuaji wa jicho, na Jumamosi alikuwa anaruhusiwa kutoka hospitali. Mama Chupa alikuwa ameahidi kumchukua na kukaa naye mpaka jicho lipone. Kwa hiyo mvua ilipoanza kunyesha, ikanyesha Jumapili na Jumatatu na haikuonyesha nia ya kuondoka, akaanza kupiga simu gereji. Kila mara Nyundo alimwambia, "Linakuja, mama, linakuja."

Na kweli lilikuja. Ijumaa saa kumi alilikuta limesimama mlangoni, linang'aa hata likaonekana la mtu mwingine. Mpiga rangi ndiye aliyemkabidhi ufunguo. Alikuwa mtu mwembamba, nyusi zake zina vumbi jeupe la puti ya kusawazishia bodi, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Alimpa pia kopo dogo la rangi iliyobaki.

"Ya mikwaruzo," alisema, akarudi ndani.

Mama Chupa alizunguka gari mara mbili akaridhika. Kitu kimoja tu kilimsimamisha. Katikati ya boneti, ukiinama na kutazama kwa mshazari, kulikuwa na vijipele vidogo kama ngozi ya mtu aliyepigwa na baridi. Pembeni hapakuwa na kitu, panateleza kama kioo. Alitaka kuuliza, lakini mvua ilikuwa inaanza tena. Akaingia ndani, akafungua daftari. Kilomita zilikuwa zilezile, hata moja haikuongezeka. Mshale wa mafuta, aliouacha kwenye nusu kamili, sasa ulikuwa umeshuka kidogo chini ya nusu.

Jioni alimweleza mume wake.

"Wamenyonya mafuta," mume alisema papo hapo.

"Kiasi cha lita mbili? Mwizi gani anaiba lita mbili?"

"Mwizi mwenye adabu."

Jumamosi asubuhi walikwenda pamoja hospitali. Njiani gari lilikimbia vizuri. Shangazi alitoka kwenye wodi akiwa na bandeji kubwa juu ya jicho la kushoto na mfuko wa nguo mkononi, akakataa kushikwa mkono, kisha akataka kupanda gari la mtu mwingine. Wakamgeuza taratibu. Wakati wa kurudi, karibu na nyumbani, wakakuta foleni. Magari yalisimama. Dakika tano, dakika kumi. Mama Chupa akaona mshale wa joto unapanda, haukimbii wala hausiti, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba anayoifahamu.

"Mwanangu," shangazi akasema kutoka kiti cha nyuma, "mimi nina jicho moja leo, lakini moshi nauona."

Mvuke ulikuwa unatoka pembeni mwa boneti. Mama Chupa alivuta gari kando ya barabara akazima. Mume wake alishuka kwa kasi, mkono tayari kwenye boneti.

"Usifungue rejeta!" Mama Chupa akamwambia. "Utaungua uso. Liache lipoe."

Mume alisimamisha teksi akampeleka shangazi nyumbani, huku akisema kwa sauti, ili hata wapita njia wasikie, kwamba Nyundo atakiona cha mtema kuni. Mama Chupa alibaki na gari. Ukimuuliza leo, atakuambia saa ile moja kando ya barabara hakuichukia. Alikuwa peke yake, injini iko wazi mbele yake, hakuna wa kumharakisha, na mvua ilikuwa imepumzika.

Alianza na vile asivyohitaji kuvigusa. Mbele, nyuma ya rejeta, aliona feni. Chini ya feni aliona waya wenye soketi yake ukining'inia hewani, na sentimita chache kutoka hapo soketi nyingine, mdomo wazi. Alizitazama moja na nyingine. Walipotoa rejeta ili wanyooshe kile chuma, walichomoa feni, na walipoirudisha rejeta, feni wakaisahau. Gari likitembea, upepo wa barabarani unaipoza injini. Likisimama, hakuna kitu cha kuipoza. Alizichomeka zile soketi, akawasha swichi bila kupiga stata, na feni ikaanza kuzunguka kwa ghadhabu, kama mtu aliyeamshwa kwa kuchelewa.

"Basi, ndiyo hiyo," alijiambia, na karibu afunge boneti.

Lakini hakuifunga. Alishika mfuniko wa kutilia oili, akauzungusha, akaugeuza. Chini ya mfuniko palikuwa pamejaa utando mzito, rangi ya chai ya maziwa. Oili safi huwa rangi ya asali, na oili chafu huwa nyeusi. Hii ya chai ya maziwa alikuwa amewahi kuiona mezani kwake maabara, wanafunzi wanapotikisa mafuta na maji kwenye chupa moja. Maji ya rejeta yalikuwa yameingia kwenye oili. Kati ya njia ya maji na njia ya oili kuna gasketi ya kuyatenganisha, na gasketi hiyo ilikuwa imeungua.

Alijaza maji, akaliendesha gari taratibu kilomita moja iliyobaki mpaka nyumbani, bomba la nyuma likitoa moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi.

Mume wake alikuwa ameshavaa viatu.

"Twende sasa hivi kwa Nyundo."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Injini imekufa mikononi mwao!"

"Hilo ndilo nisilolijua, kama imekufa mikononi mwao au mikononi mwangu. Tukienda leo atasema nimelichemsha mimi leo, kwenye foleni. Hata mimi ningesema hivyo."

"Si waliisahau feni?"

"Waliisahau. Lakini baba, ule utando ni mzito mno kwa dakika kumi za foleni. Na yale mafuta? Gari halikutembea hata kilomita moja, na mafuta yamepungua. Lilikuwa linafanya nini?"

Mume alikaa, akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na mke wake alikuwa amemletea fumbo.

Jumapili asubuhi jua lilitoka. Shangazi alitembezwa uani apate joto, akapita kando ya gari akilipapasa kwa vidole, kwa sababu jicho lililobaki nalo halikuwa la kujivunia.

"Hili gari lina tetekuwanga?" akauliza.

"Wapi, shangazi?"

"Hapa. Hapa. Hapa." Vidole vilitembea juu ya boneti. "Hapa limepona. Huku halina. Huku pia halina."

Mama Chupa alisimama akimtazama. Mfukoni mwa gauni lake hamkosekani kipande cha chaki, hata siku za mapumziko.

"Shangazi, rudia tena, polepole. Kila vijipele vinapoishia, niambie."

Shangazi akarudia, yeye akifuata vidole kwa chaki. Walipomaliza, juu ya boneti ya bluu palikuwa na mchoro mweupe wa umbo la mkate, karibu na katikati, umeelemea kidogo upande wa dereva. Mama Chupa alifungua boneti, akapima kwa mikono kutoka ukingoni mpaka kwenye mchoro, kisha akapima vilevile ndani. Mikono yake ikaishia juu ya injini. Alirudia upande wa pili. Injini tena. Vijipele vilianza pale injini ilipoanzia na kuishia ilipoishia.

"Umeona nini?" shangazi akauliza.

"Bado sijajua."

"Uso wako unasema umejua. Sauti ndiyo inasema bado."

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, alibaki maabara. Kwanza alichukua tone la ule utando kutoka kwenye kichupa alichokuja nacho, akalidondosha juu ya bati lenye moto. Lilipiga kelele na kurukaruka. Tone la oili safi lilitoa moshi tu, kimya. Maji yalikuwemo, na sasa hakuwa na shaka. Halafu akafungua lile kopo dogo la rangi. Alichukua vifuniko viwili vya makopo, akavisugua kwa msasa, akavipaka vyote kwa brashi moja. Kimoja alikiweka dirishani kwenye kivuli. Kingine alikiweka juu ya sufuria ya maji yanayochemka, mvuke ukikipiga kwa chini. Akala chakula chake amesimama, macho kwenye sufuria.

Baada ya dakika ishirini kile cha juu ya mvuke kilikuwa kimejaa malengelenge madogo. Kilikauka juu haraka, na dawa ya kuyeyushia rangi iliyobaki chini ikatafuta pa kutokea. Alikipapasa baada ya kupoa. Kilikuwa na tetekuwanga.

Alikaa kwenye stuli. Kwa hiyo injini iliwashwa wakati rangi bado mbichi. Iliwashwa kwa muda mrefu, gari limesimama, boneti imefungwa, feni haifanyi kazi. Hiyo ndiyo iliyokula lita mbili za mafuta. Lakini kwa nini? Nani awashe gari lililotoka kupakwa rangi na kuliacha lingurume? Hapo ndipo maabara ilipoishia. Lililobaki alilijua mtu mmoja tu.

Jumanne jioni alikwenda gereji. Mume alisisitiza kumfuata, akala yamini kwamba atakaa kimya kama picha ya ukutani. Nyundo aliwapokea kwa mikono miwili na tabasamu, na tabasamu likapungua kadiri Mama Chupa alivyoeleza.

"Mama," alisema, "sikiliza. Sisi ni watu wa bodi. Injini hatuigusi. Ni sawa na mtu aende kwa kinyozi, anyolewe vizuri, halafu arudi kulalamika tumbo linamuuma."

"Inategemea kinyozi amekunywesha nini!" mume akasema. Picha ya ukutani ilikuwa imedumu dakika nne.

"Mzee, mimi naongea na mama."

"Na mama ana mume!"

"Baba, tafadhali." Mama Chupa alimgusa mkono. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alihisi shingo inapata moto. Neno moja zaidi na angepayuka kama mume wake, na hapo asingejua chochote. "Bwana Nyundo, sijaja kugombana. Naomba kuongea na fundi wako wa rangi. Dakika tano tu."

Mpiga rangi alikuwa kwenye kona, anasugua mlango wa gari jingine kwa msasa na maji. Hakusimama. Mama Chupa alichuchumaa karibu naye, akatoa vifuniko viwili kwenye bahasha, akaviweka chini juu ya gazeti.

"Fundi, hii ni rangi yako. Nimepaka vyote siku moja, brashi moja."

Mpiga rangi aliacha kusugua. Alifuta mikono kwenye suruali, akachukua kile chenye malengelenge, akakielekeza kwenye mwanga. Akakipitisha kidole gumba. Akachukua cha pili, akakirudisha, akarudi kwenye cha kwanza.

"Hiki umekiweka kwenye moto gani?"

"Mvuke wa maji. Kwa chini."

"Muda gani?"

"Dakika ishirini."

Alitikisa kichwa polepole, akiwa anahesabu kitu. "Bati lako ni jembamba. La boneti ni nene zaidi, linachukua muda."

"Wewe ulichukua muda gani?"

Msasa wa mtu mwingine uliendelea kukwaruza upande wa pili wa gereji. Mpiga rangi alitazama vifuniko, kisha akamtazama yeye, si kama mtu aliyekamatwa, bali kama mtu aliyesikia lugha ya kwao mahali asipoitegemea.

"Saa moja na nusu," alisema. "Labda zaidi. Umejuaje?"

"Shangazi yangu alipapasa."

Ndipo akasema yote, kwa maneno mengi kuliko aliyoyatumia mwezi mzima. Siku tatu mvua ilinyesha, hewa ilikuwa nzito, rangi ukiigusa inanata kama gundi. Alhamisi asubuhi akaambiwa gari lazima litoke kesho yake, mwenye gari ana mgonjwa. Taa za kukaushia hawana. Akawaza kwamba injini ni jiko lililoko chini ya boneti tayari. Akaiwasha, akafunga boneti, akaenda kupiga puti gari jingine. Ndani ya gari hakukuwa na mtu wa kuutazama mshale. Alichoona baadaye ni mvuke, na sakafu ilikuwa imelowa mvua kila mahali, kwa hiyo maji yaliyomwagika hayakumshtua. Alizima, akangoja, akaongeza maji, akawasha tena. Likanguruma vizuri.

"Nikasema, Mungu mkubwa, hakuna kilichoharibika," alimaliza. "Kuhusu feni sikujua. Nakuapia. Rejeta walirudisha watu wengine."

Nyundo alikuwa amesogea na kusimama nyuma yao. Usoni mwake ilionekana wazi kwamba hadithi hii anaisikia kwa mara ya kwanza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema litoke kesho. Hukusema litokeje."

"Mimi nilisema kwa sababu ya mama! Simu kila siku!"

"Nilipiga mara tatu," Mama Chupa alisema.

"Nne, mama. Nne. Moja ulinikuta msalani."

Mume wa Mama Chupa alicheka kabla hajajizuia, halafu akakunja uso upya, lakini ugomvi ulikuwa umeshamponyoka. Nyundo alijikuna kisogo. Alitembea mpaka mlangoni, akatazama barabara, akarudi.

"Feni ni yetu," akasema, sauti ya kuuza vitu ikiwa imemtoka. "Na moto ni wetu. Kesho naleta gari la kulivuta. Nina fundi wa injini ninayemwamini, nyumba ya tatu kutoka hapa. Litatengenezwa, na wewe hutatoa kitu."

"Andika," mume akasema. Nyundo akaandika.

"Mimi nina ombi moja," Mama Chupa akasema.

"Sema, mama."

"Injini ikifunguliwa, niwepo."

Fundi wa injini alikuwa mzee mwenye uziwi kidogo. Alisikiliza injini kwa kuegemeza ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio, macho amefumba. Alhamisi Mama Chupa aliomba ruhusa kazini, akafika akiwa na koti lake la maabara, na yule mzee akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe ni daktari?" akapaza sauti.

"Hapana! Mwenye gari!"

"Wenye magari huwa hawakai. Wanaacha ufunguo wanakimbia."

Alifungua injini kwa subira, kila nati ikapata mahali pake kwenye trei. Alipoinua silinda hedi, kile kipande cha chuma kinachofunika injini kwa juu, na kuibandua gasketi, alimwita kwa kidole. Kati ya tundu la pili na la tatu gasketi ilikuwa imeliwa, ukingo mweusi kama karatasi iliyookolewa motoni. Kisha akaweka rula ya chuma juu ya silinda hedi, akampa Mama Chupa kipande cha karatasi.

"Pitisha chini ya rula."

Aliipitisha pembeni, ikakwama. Aliipitisha katikati, ikapita bila kugusa kitu.

"Imepinda," akasema.

"Imepinda. Kwa macho huoni. Inakwenda kuchongwa mpaka inyooke."

Mama Chupa alirudia kuipitisha ile karatasi mara tatu. Aliyapenda mambo ya namna hiyo tangu zamani, kitu ambacho jicho linakikana na karatasi inakikubali. Alipogeuka, alimkuta mpiga rangi amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa amekuja kuona moto wake umefanya nini. Mzee alimwonyesha gasketi, naye akaiinamia.

"Samahani, mama," akasema hatimaye. "Sikujua kama joto linaweza kufika huku."

"Hata mimi nisingejua."

"Vile vifuniko umevitupa?"

"Viko kwenye mkoba."

"Naweza kuvichukua? Kuna mtu atakuja kunisumbua tena siku ya mvua. Nataka niwe na kitu cha kumwonyesha."

Akampa.

Silinda hedi ilirudi Jumatatu ikiwa imechongwa, na Mama Chupa naye akarudi gereji, baada ya kazi. Mzee alikuwa anakaza bolti. Alianza na za katikati, akatoka nje polepole, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayepanda mbegu kwa kuruka mistari.

"Kwa nini huanzii pembeni?" Mama Chupa akamuuliza kwa sauti.

Mzee aliacha spana. "Nini?"

"Kwa nini unaanzia katikati!"

"Miaka thelathini na tano hakuna mteja aliyeniuliza hilo." Alifikiri. "Umewahi kutandika shuka peke yako? Ukibana pembe kwanza, mkunjo unabaki katikati, hauna pa kwenda. Ukianzia katikati unausukuma mkunjo nje." Akamnyooshea spana. "Hii inayofuata kaza wewe. Usivute kwa hasira. Vuta mpaka ikuambie basi."

Alivuta. Ilimwambia basi.

Alifika nyumbani na oili mpaka kwenye viwiko. Mume wake alikuwa barazani na shangazi, ambaye bandeji yake ilikuwa imeondolewa siku hiyo na ambaye tangu mchana alikuwa anamweleza kila mtu aliyepita kwamba hakujua kuwa mtu huyo amezeeka hivyo.

"Enhe," mume akasema. "Nyundo ameomba msamaha?"

"Nyundo?" Mama Chupa alisimama akifikiri. "Sijui. Mpiga rangi aliomba. Nyundo… sikumbuki kumuuliza."

"Hukumuuliza! Wiki nzima mtu amekuharibia injini, hukumuuliza?"

"Nilikuwa nauliza mambo mengine."

Shangazi alicheka mpaka akashika jicho, kwa sababu daktari alikuwa amemkataza kucheka kwa nguvu.

Gari lilirudi Jumatano. Mama Chupa aliliendesha mpaka kwenye ile foleni makusudi, akasimama humo dakika kumi na tano bila shughuli yoyote, akiutazama mshale wa joto. Ulitulia katikati. Aliposikia feni inawaka na kuzima yenyewe, aliandika saa kwenye daftari, akageuza gari akarudi nyumbani.

Shangazi alikaa wiki tatu, akarudi kwake akiona hata vitu ambavyo hakutaka kuviona, hasa vumbi. Nyundo alinunua taa mbili za kukaushia rangi. Na yule mzee wa injini alimwambia Mama Chupa kwamba Jumamosi huwa hana kazi nyingi, na kama ana muda, kuna gia boksi moja inamshinda na angependa mtu wa kumshikia taa. Alikwenda Jumamosi ile. Akaenda na iliyofuata.

"Wenzangu wanaacha magari gereji," mume wake huwaambia majirani. "Mimi gari ninalo hapa nyumbani. Mke ndiye yuko gereji."

Huwaambia kwa sauti ya malalamiko, lakini ni yeye anayemfungia chakula cha mchana kwenye bakuli siku za Jumamosi. Na mkewe akirudi, kabla hata hajanawa, humsogezea kiti na kumuuliza ile gia boksi imefikia wapi. Mara ya mwisho ilikuwa imefunguliwa yote, vipande vimepangwa juu ya meza ya mzee, na kimoja kilikuwa kimebaki ambacho hakuna kati yao aliyejua kinakaa wapi.